Mji Uliotawanyika Zaidi Marekani Si Ule Unaodhaniwa

Baada ya sensa ya Marekani ya mwaka 2010, Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo ilipanga maeneo ya miji kwa kufuata wingi wa watu katika kila maili ya mraba. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Los Angeles. Ikafuata San Francisco pamoja na Oakland, kisha San Jose, kisha Delano, mji mdogo wa wakulima wa zabibu katika bonde la kati la California. New York ilikuwa ya tano. Kwa kipimo cha kilomita, Los Angeles ilikuwa na watu wapatao 2,700 katika kila kilomita ya mraba, Delano 2,100 na ushei, na New York 2,050 hivi.

Takwimu hizo ni sahihi, na hakuna aliyekosea kuhesabu. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kuona picha za majengo ya Manhattan, kitovu cha New York, atashangaa kuambiwa kwamba mji wa mashamba ya zabibu umebanana kuliko New York, na mshangao wake utakuwa na haki. Tunapogawa idadi ya watu kwa ukubwa wa ardhi tunapata sifa ya ardhi, ilhali jambo tunalotaka kulijua ni maisha ya watu: je, mkazi akitoka mlangoni mwake anakuta duka, shule na kituo cha basi, au anakuta barabara ndefu isiyo na njia ya miguu? Maswali hayo mawili hayana jibu moja. Naona ni muhimu kuyatenganisha, kwa kuwa sera za usafiri, maji na nyumba hutungwa kwa kuegemea wastani huu, na watu halisi huishi miaka mingi ndani ya matokeo yake.

Kabla ya kulinganisha chochote inabidi kukubaliana mji unaishia wapi, na hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika mapema. Njia ya kwanza ni kutumia mipaka ya halmashauri. Mwaka 1968 mji wa Jacksonville, Florida, uliunganisha serikali yake na ya Kaunti ya Duval, na kwa hatua hiyo ukawa na zaidi ya kilomita za mraba 1,900 za nchi kavu, zikiwamo mbuga na mabwawa yasiyo na mkazi. San Francisco ina kilomita za mraba 121 tu. Katika sensa ya 2020 Jacksonville ilikuwa na watu 949,611 na San Francisco 873,965, kwa hiyo orodha ya miji kwa idadi ya watu huitanguliza Jacksonville, na msomaji asiyejua historia ya mipaka hiyo atadhani ndiyo jiji kubwa zaidi kati ya hayo mawili. Njia ya pili ni kuhesabu kaunti zote ambazo wakazi wake hutegemea kazi za jiji fulani, lakini kaunti za magharibi ni kubwa kupita kiasi. Kaunti ya San Bernardino, inayohesabiwa pamoja na kaunti jirani ya Riverside, huanzia kwenye viunga vya mashariki mwa Los Angeles na kufika hadi mipaka ya Nevada na Arizona, na sehemu yake kubwa ni jangwa. Kuligawanya jangwa hilo kwa wakazi wa mjini na kuuita mji huo umetawanyika ni kuupa lawama isiyo yake.

Ndiyo maana Ofisi ya Sensa hutumia njia ya tatu, ya kufuata eneo lililojengwa, bila kujali ni halmashauri gani au jimbo gani. Hiyo ndiyo njia iliyoiweka Los Angeles juu ya New York, na naiona kuwa ya haki kuliko nyingine mbili. Tatizo lililobaki ni la wastani wenyewe.

Eneo lililojengwa la New York lilikuwa na watu milioni 18.35 mwaka 2010 na lilienea katika kilomita za mraba zipatazo 8,900, likivuka New Jersey hadi Connecticut na kuelekea mashariki katika kisiwa cha Long Island. La Los Angeles lilikuwa na watu milioni 12.15 katika kilomita za mraba 4,500 hivi. Kwa maneno mengine, New York ilikuwa na ardhi karibu maradufu ya Los Angeles, lakini haikuwa na watu maradufu. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni viunga vya nyumba moja moja zenye nyua pana chini ya miti, na viunga hivyo ndivyo vinavyoushusha wastani hata Manhattan yenyewe ikazama ndani yake. Kisiwa cha Manhattan peke yake kina takriban watu 28,000 katika kila kilomita ya mraba. Hakuna sehemu ya Los Angeles yenye ukubwa wa kisiwa hicho inayokaribia kiwango hicho.

Kuna hesabu nyingine inayoliweka jambo hili wazi. Tuchukue mji wa kubuni wenye watu 100 katika kilomita za mraba 10. Wastani wake wa kawaida ni watu 10 kwa kilomita. Sasa tuseme watu 90 wanaishi katika kilomita moja tu, na wale 10 waliobaki wametawanyika katika kilomita tisa. Tukimuuliza kila mkazi kuna watu wangapi katika kilomita anayoishi yeye, kisha tukapata wastani wa majibu yao, jibu litakuwa takriban 81. Ardhi ya mji huo kwa wastani ni tupu, ilhali mkazi wake wa kawaida anaishi kwenye msongamano mkubwa. Wastani huu wa pili, unaompa kila mtu sauti moja badala ya kuipa kila kilomita sauti moja, ulitolewa na Ofisi ya Sensa mwaka 2012 kwa maeneo makubwa ya miji pamoja na kaunti zake, kwa kutumia takwimu za 2010. New York ilipata takriban watu 12,000 kwa kilomita ya mraba. Los Angeles na San Francisco zilikuwa karibu sawa, kila moja 4,700 hivi. Chicago ilipata 3,300, na Atlanta zaidi kidogo ya 800.

Kwa hesabu hiyo New York inarudi mahali ambapo kila mtu angeiweka, na tena kwa mbali sana. Lakini isidhaniwe kwamba hesabu ya pili imeifuta ya kwanza. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja: New York ndiyo yenye kitovu kilichobanana kuliko vyote nchini, na ndiyo yenye viunga vilivyotawanyika kuliko vya Los Angeles. Anayetaka kujua kama reli ya chini ya ardhi itapata abiria atazame hesabu ya pili. Anayetaka kujua ni misitu na mashamba kiasi gani yamefunikwa kwa lami na paa kwa ajili ya kila mkazi atazame ya kwanza. Ubishi mwingi ninaousoma kuhusu miji hii huzaliwa na watu wawili wanaojibu maswali mawili tofauti, kila mmoja akimwona mwenzake mjinga.

Los Angeles yenyewe inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mara kama mfano wa mji uliotawanyika. Umbo lake lilianza kabla gari halijawa chombo cha kila mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya reli ya Pacific Electric ilitandaza mtandao mkubwa wa treni za umeme zilizounganisha miji midogo mingi ya bonde la Los Angeles, na wenye reli walikuwa pia wafanyabiashara wa viwanja, kwa hiyo kila njia ya reli ilifungua ardhi mpya ya kuuza. Magari yalipokuja yalikuta mji ambao tayari una vitovu vingi vidogo, na yakaijaza nafasi iliyokuwa kati ya njia za reli. Kilichofuata ni cha pekee. Milima na bahari viliuzuia mji kuenea ovyo, na ukame ulifanya kazi ambayo sheria haikufanya: pasipo mvua za kutosha wala maji ya kutegemewa ya visima, mjenzi alilazimika kuunganishwa na mfumo mkubwa wa maji, na mfumo huo hupanuka hatua kwa hatua kutoka penye bomba lililopo. Mfereji wa kuleta maji kutoka bonde la Owens ulikamilika mwaka 1913, na kufikia 1915 sehemu kubwa ya bonde la San Fernando ilikuwa imejiunga na jiji ili ipate maji hayo. Viwanja vilipimwa vidogo na nyumba zikafuatana bila mapengo, maili baada ya maili.

Matokeo yake ni mji wenye watu wengi karibu kila mahali usio na kitovu kimoja kinachowakusanya. Kwa maoni yangu hali hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Wakazi wanapata taabu za msongamano, yaani foleni, uhaba wa maegesho na kodi kubwa za nyumba, bila kupata faida zake kwa ukamilifu, kwa sababu kazi zimetapakaa huku na huko na safari za watu hazielekei upande mmoja ambao treni ingeweza kuuhudumia kwa urahisi. Sehemu ya wingi huo wa watu, tena, haitokani na majengo. Los Angeles ni miongoni mwa sehemu za Marekani ambako familia nyingi zinabanana katika vyumba vichache kwa sababu nyumba hazitoshi na bei zimepanda. Takwimu ya watu kwa kilomita haiwezi kututenganishia ghorofa nzuri yenye familia 40, kila moja na nafasi yake, na nyumba ndogo zinazolaza watu 10 kila moja. Manhattan ilikuwa na watu 2,331,542 mwaka 1910, na 1,694,251 mwaka 2020, ingawa majengo ya leo ni marefu na mengi kuliko ya wakati ule. Watu walipungua kwa sababu kila mmoja alipata nafasi zaidi ya kuishi. Anayesema anaupinga msongamano inafaa aseme ni upi anaoupinga, wa majengo au wa watu chumbani, kwa maana kuzuia ule wa kwanza mara nyingi ndiko kunakouleta wa pili.

Mlinganisho ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa Boston na Phoenix. Boston ni mji mkongwe wenye mitaa myembamba inayopitika kwa miguu, na reli yake ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1897, ndiyo ya kwanza nchini. Phoenix ulikua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa nguvu ya gari na viyoyozi. Mwaka 2010 eneo lililojengwa la Phoenix lilikuwa na watu 1,200 hivi kwa kilomita ya mraba, na la Boston 860. Mji wa jangwani wa magari ulikuwa umetumia ardhi kidogo kwa kila mkazi kuliko mji mkongwe wa reli.

Sababu iko nje ya mitaa ya kale ya Boston. Massachusetts imegawanyika katika halmashauri 351, na zile za viungani zimetumia mamlaka yao juu ya ardhi kuamuru kwamba nyumba moja ijengwe juu ya kiwanja cha ekari moja, na penginepo zaidi. Wakazi wanaoamua ni wale ambao tayari wana nyumba, na wale ambao wangehamia kama kungekuwa na nyumba ndogo au za ghorofa hawana kura pale. Phoenix hakukuwa na desturi hiyo kwa kiwango hicho. Huko mjenzi hununua ardhi kubwa tambarare, huleta maji na barabara kwa mpigo, kisha hujenga mamia ya nyumba zinazofanana kwenye viwanja vidogo. Mtaa wake hauvutii na jua lake ni kali kwa mtu atembeaye, lakini fundi, mwalimu na mwuguzi waliweza kununua nyumba. Sitaki kuupamba mji huo kuliko unavyostahili. Nasema tu kwamba kinachoitwa kutawanyika kwa mji kinaweza kuvaa sura ya kijiji kizuri chenye miti na ukuta wa mawe, na ikawa vigumu kukitambua kwa sababu macho yanakipenda.

Mpaka wa nje nao una uzito wake. Las Vegas, mji ambao wengi hudhani umetapakaa jangwani bila kikomo, ulikuwa mwaka 2010 na watu wapatao 1,750 kwa kilomita ya mraba, zaidi ya Chicago na Portland, ambazo kila moja ilikuwa na 1,360 hivi. Ardhi inayouzunguka ni mali ya serikali ya shirikisho, na tangu sheria ya mwaka 1998 huuzwa kwa mafungu, kwa mnada. Portland nao una mpaka, uliochorwa mwaka 1979 kwa kufuata sheria ya jimbo la Oregon ya 1973, unaozuia ujenzi wa mjini nje ya mstari. Mpaka huo umelinda mashamba, na hilo ni jambo la maana. Lakini mpaka pekee hauleti nyumba ndani yake, na ni mwaka 2019 ndipo Oregon ilipopitisha sheria ya kuruhusu nyumba za familia mbili hadi nne kwenye mitaa mingi iliyokuwa ya familia moja tu.

Atlanta ndiyo inayokosa vizuizi vyote hivi. Hakuna bahari, hakuna mlima wa kuusimamisha mji, mvua ni ya kutosha, na katika kaunti nyingi zinazouzunguka nyumba imeweza kujengwa peke yake katikati ya misonobari ikiwa na karo lake la maji taka, bila kusubiri bomba la jiji. Mwaka 2010 watu milioni 4.5 walikuwa wametandazwa katika kilomita za mraba 6,850, yaani 660 kwa kilomita. Ardhi ya Los Angeles yote ingetoshea ndani yake na kubaki nafasi ya theluthi moja. Juu ya maumbile hayo ikaja siasa. Mwaka 1971 kaunti za Clayton na Gwinnett zilipiga kura kukataa mfumo wa usafiri wa umma wa MARTA, na hofu ya wazungu wa viungani ya kufikiwa na weusi wa mjini ilikuwa sehemu ya hoja za wakati ule. Clayton ilijiunga mwaka 2014, miaka 43 baadaye. Katika muda huo wote, mtu asiye na gari aliyetaka kazi upande wa pili wa eneo hilo alikuwa na mlango mmoja zaidi uliofungwa, na hakuna wastani unaouonyesha mlango huo.

Detroit inatufundisha jambo tofauti kabisa: mji unaweza kutanuka bila kukua. Ndani ya mipaka ya jiji walikuwamo watu 1,849,568 mwaka 1950. Mwaka 2020 walikuwa 639,111, juu ya kilomita zile zile za mraba 360. Wakati jiji likipoteza watu, viunga viliendelea kujengwa, barabara kuu zilizofadhiliwa na sheria ya shirikisho ya 1956 zikafungua mashamba ya mbali, na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali ikawapendelea wazungu waliokuwa wakihama. Kila mtaa mpya ulihitaji mabomba, shule na zimamoto, huku mabomba ya zamani yakibaki ardhini yakihitaji matengenezo, na waliobaki kuyalipia wakiwa ni wachache na maskini zaidi. Nikiulizwa ni sura gani ya kutawanyika inayoniuma, nitaitaja hii.

Houston huletwa katika kila mjadala kwa kuwa ndilo jiji kubwa lisilo na sheria ya kugawa maeneo kwa matumizi. Wapiga kura waliikataa kwa mara ya tatu mwaka 1993. Lakini Houston ilikuwa na kanuni nyingine, ikiwamo ya ukubwa wa chini wa kiwanja, futi za mraba 5,000. Mwaka 1998 jiji liliruhusu viwanja vipunguzwe hadi futi za mraba 1,400 ndani ya barabara ya mzunguko ya 610, na mwaka 2013 likaupanua uhuru huo nje ya mzunguko. Penye nyumba moja ya zamani zikasimama nyumba tatu au nne nyembamba za ghorofa, kwa maelfu. Wakati huo huo mji uliendelea kuenea magharibi kwenye nyika ya Katy, ambako barabara kuu iliyopanuliwa na kukamilika mwaka 2008 ilifika njia 26 katika sehemu zake pana zaidi, na foleni zikarudi. Houston, basi, inabanana na kutawanyika kwa pamoja, na kuipa jina moja ni kazi bure.

Miaka ya karibuni kanuni hizi zimeanza kuguswa pale zilikokuwa zimekaza zaidi. Minneapolis ilipiga kura mwishoni mwa 2018 kuacha mitaa ya familia moja pekee. California iliruhusu mwaka 2021 kiwanja cha nyumba moja kigawanywe. Massachusetts, mwaka huo huo wa 2021, iliziagiza halmashauri zinazohudumiwa na usafiri wa umma wa Boston kutenga eneo la nyumba za familia nyingi, na upinzani katika baadhi ya halmashauri za viungani umekuwa mkali.

Sensa ya 2020 iliipa Atlanta takriban watu 770 kwa kilomita ya mraba, Los Angeles 2,890, na New York, iliyopanda hadi nafasi ya nne, 2,310. Kupanda kwa Atlanta kusipokewe harakaharaka kama dalili ya mji kujirekebisha, kwa sababu Ofisi ya Sensa ilibadilisha kigezo kati ya sensa hizo mbili: mipaka ya maeneo ya mijini sasa huchorwa kwa wingi wa nyumba badala ya wingi wa watu. Ulinganisho wa 2020 na 2030, ikiwa kigezo hakitaguswa tena, utakuwa wa haki zaidi. Nitakapoupata nitaanza na wastani unaompa kila mtu sauti moja, katika zile halmashauri za viungani mwa Boston, kuona kama kuna waliopata kuhamia.